Korongo Mwenye Madoa

Jumapili hiyo, baada ya kula, mzee alisubiri vyombo viondolewe na meza ifutwe mpaka ikauke, ndipo akaingia chumbani kwake na kurudi amekumbatia sanduku kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Lilikuwa sanduku la mbao lililotandikwa kitambaa cha bluu ndani, na katika kila tundu la kitambaa kile ilikaa sarafu moja ya fedha tupu, ndani ya kikasha chake cha plastiki angavu. Hazikuwa sarafu za kununulia mkate. Kiwanda kilitoa moja kila mwaka, kila moja na ndege wake, zipate kutazamwa na kutunzwa. Mzee alikuwa nazo zote, kuanzia ile ya korongo, iliyofungua mfululizo, hadi ya mwaka huu.

Alikuwa mpima ardhi kabla hajastaafu, na mpaka leo mtaa mzima ulimwita Mpima. Alikuwa ametoka tu kutolewa mtoto wa jicho macho yote mawili. Kwa wiki kadhaa daktari alimkataza kuinama na kukodolea vitu vidogo, na sarafu zake hakuzigusa. Sasa ameruhusiwa. Jumamosi inayokuja chama cha wakusanyaji sarafu kingefanya maonyesho, na safari hii walimpa meza yake mwenyewe, jambo alilolitamani tangu ajiunge. Akaona ni vyema familia ionjeshwe kwanza.

Waliokuwa mezani ni dada yake, ambaye wote walimwita Shangazi. Mwanawe wa pekee, fundi wa lifti. Na mke wa mwanawe huyo. Mke huyu alikuwa mpiga picha wa studio, na kwa kuwa neno lake kwa kila mteja kabla ya kubonyeza lilikuwa "tulia", jina hilo likamganda. Hata mumewe alimwita Tulia.

Mzee akafungua kifuniko. Akaitoa sarafu ya korongo, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama. Halafu akaitazama tena. Akairudisha, akachukua ya mwewe, kisha ya kanga, kisha ya bundi. Tulia aliona rangi ya uso wa mzee ikibadilika polepole.

Madoa. Juu ya fedha iliyokuwa ikimeta kama kioo palikuwa na vidoa vyeupe, kana kwamba mtu amenyunyiza maziwa kwa ncha ya kidole na kuyaacha yakauke. Bundi alikuwa nalo moja jichoni. Kanga alikuwa na mkufu mzima wa vidoa. Sarafu nyingine zilikuwa salama, nyingine zimeingiwa na ukungu mwembamba. Lakini ya korongo ndiyo iliyokuwa na msiba wake peke yake: mbali na madoa, uwanja wote nyuma ya ndege ulijaa mikwaruzo myembamba kama nywele, inayozunguka na kuzunguka, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

Mzee hakupaza sauti. Aliuliza, kwa utulivu uliotisha kuliko kelele, ni nani aliyezifungua sarafu zake. Shangazi akasema yeye hata chumba kile hakumbuki mara ya mwisho kukiingia. Mwanawe akainama kuokota kitu chini ya kiti, au kutafuta cha kuokota. Na macho mapya ya mzee yakatua kwa Tulia.

Maana wote walikumbuka. Kabla ya mzee kwenda hospitali, Tulia ndiye aliyezipiga picha za kuwekwa kwenye kijitabu cha maonyesho. Plastiki ilikuwa ikirudisha mwanga, ikabidi sarafu zitolewe kwenye vikasha. Mzee alikuwa amekaa kando yake muda wote, lakini macho yake wakati ule yalikuwa yanaona kama kupitia pazia.

"Picha zako zinaonyesha sarafu safi," mzee alisema. "Zilitoka mikononi mwako safi. Sasa ziko hivi. Niambie ulizifanya nini, mkwe. Ulizipangusa? Uliona vumbi ukazipangusa?"

Tulia alisema hakuzipangusa. Alivaa glovu za pamba, alizishika ukingoni, alizirudisha moja baada ya nyingine. Aliyasema hayo yote kwa mpangilio, na kadiri alivyoyapanga ndivyo alivyojisikia kama mtu anayejitetea mahakamani. Shangazi akatikisa kichwa. Akasema, tena kwa upole, kwamba kuteleza ni kuteleza tu, la msingi ni mtu aseme.

"Sina la kusema, Shangazi. Sikuzisugua."

Mzee akafunga sanduku. Korongo yule alinunuliwa na mkewe, marehemu sasa, aliyeingia dukani kutafuta kivuli tu, akaona ndege anayefanana na mumewe kwa urefu wa miguu, akacheka mpaka muuza duka naye akacheka. Mkusanyo mzima ulianzia kwenye kicheko kile. Kila mtu pale mezani alikijua kisa hicho, kwa hiyo hakuna aliyekitaja. Mzee aliondoka na sanduku lake, na wakasikia ufunguo ukizunguka mlangoni. Tangu Tulia aolewe, chumba kile hakikuwahi kufungwa kwa ufunguo.

Kuanzia siku ile nyumba ikawa nzito. Mzee hakumgombeza wala hakumtukana, na afadhali angefanya hivyo. Alichofanya ni kuacha kumsemesha. Akitaka chai alimwambia mwanawe, mwanawe amwambie Tulia, na Tulia yupo hapo hapo, ameshika birika. Salamu zake za asubuhi zilijibiwa kwa mguno. Mumewe naye alikuwa kama mtu aliyemeza mfupa. Tulia alipomuuliza anaamini nini, alisema, "Najua hukufanya wewe," akageukia ukutani. Alilisema haraka mno. Wakati ule Tulia alilipokea kama faraja, hakulichunguza.

Kazini hakuwa akifanya kazi. Wateja walikaa kwenye kigoda, yeye akisahau kuwaambia watabasamu. Alianza kujishuku mwenyewe. Labda zile taa zake kubwa zilizipasha sarafu joto. Labda glovu zilikuwa na mabaki ya sabuni ya kufulia. Na kuna kitu kilichokuwa kikimkaa rohoni ambacho hakumwambia mtu: siku ile ya kupiga picha, aliona kama ukungu mdogo juu ya sarafu mbili tatu, akadhani ni mwanga, akageuza taa, ukungu ukapotea, akaendelea na kazi. Angelisema wakati ule. Sasa akilisema ataonekana anatunga.

Jumatano hakuweza kuvumilia tena. Alimwachia mwenzake studio, akaenda kwa daktari wa meno.

Daktari huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mwanachama wa chama kile kile, na rafiki wa mzee wa siku nyingi. Walikuwa wakitaniana kila mara kwamba mzee anakusanya ndege na yeye anakusanya meno. Muhimu zaidi, Tulia alijua kwamba naye ana mfululizo ule ule wa ndege, alioununua kidogo kidogo kama mzee. Alingoja kwenye benchi mpaka mgonjwa wa mwisho wa asubuhi akatoka ameshika shavu, kisha akaingia, na kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine, akakalia kile cha wagonjwa.

Alimweleza kila kitu. Daktari alisikiliza huku akipanga vyombo vyake, na Tulia akagundua kuwa anavipanga vilivyokwisha kupangwa. Alipomaliza, daktari alisema kwamba mambo ya familia ni mazito, mtu wa nje hafai kuingiza mkono. Akasema unyevu nao ni adui. Akasema mengi ya namna hiyo, yote ya kweli na yote ya kukwepa.

"Daktari," Tulia alisema, "nakuuliza jambo moja tu. Za kwako zikoje?"

Daktari aliacha vyombo vyake. Kisha akaenda akafunga mlango wa chumba, akavua glovu, akafungua kabati la chini lililokuwa na kufuli. Alitoa bahasha ngumu. Ndani yake mlikuwa na sarafu ya bundi, bado imo kwenye karatasi ya nailoni ya kiwandani iliyozibwa kwa moto pembe zote. Haikuwahi kufunguliwa. Aliiweka chini ya ile taa kubwa ya kuchungulia vinywa, akamkabidhi Tulia lenzi.

Doa lilikuwa pale, jeupe, pembeni ya bawa. La pili kifuani. Nailoni ilikuwa nzima.

"Sijaigusa mimi, hajaigusa mtu," daktari alisema. "Nilipoiweka ilikuwa safi. Madoa yalikuja yenyewe, taratibu. Nilimtafuta mtu anayejua kazi ya viwanda hivi akanieleza. Vile visahani vya fedha huoshwa kwa dawa kabla ya kugongwa chapa. Dawa isipotoka vizuri, kisahani kikapita kwenye tanuri, mabaki yanaokwa juu ya fedha. Huyaoni. Sarafu inagongwa, inameta, unaipenda, unaitia kabatini. Mwaka mmoja, au mitatu, ndipo yanachomoza. Sisi tunayaita madoa ya maziwa."

Tulia akamrudishia lenzi. Aliuliza kwa nini mzee hajui.

Daktari akasema mzee amesikia, wote wamesikia. Lakini muuza duka aliwaapia kwamba madoa hayo huzipata sarafu za bei rahisi tu, si hizi za daraja la juu, nao wakaamini kwa sababu walitaka kuamini. Na yeye alipoona la kwanza kwake, aliona aibu. Sarafu yenye doa hakuna anayeitaka. Akafunga bahasha, akanyamaza, akaendelea kwenda kwenye mikutano ya chama na kusifia za wenzake. Hakuwa na shaka kwamba wenzake nao wamefunga bahasha zao.

Tulia akatoa simu yake. Jumapili ile, kabla sanduku halijafungwa, alikuwa amepiga picha ya korongo, kwa mazoea tu ya mikono yake. Akamwonyesha. Daktari aliikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kitu chochote asubuhi ile.

"Haya meupe ni ya kiwandani," alisema hatimaye. "Lakini hii mikwaruzo siyo. Hapa kuna mtu alisugua kwa duara, na kitu chenye chengachenga. Naiona kazi hii kila siku, ila mimi naiona kwenye meno. Watu wanaonunua zile dawa za meno za kung'arisha, nyeusi za mkaa, wakasugua kwa hasira." Akamrudishia simu. "Huyu alikuwa na nia njema, maskini. Aliona doa akataka litoke."

Tulia alishuka kwenye kiti kile. Kwenye rafu ya bafuni kwao palikuwa na bomba moja la dawa ya meno nyeusi. Yeye alikuwa haitumii, ilikuwa inamchubua fizi. Mzee alikuwa na meno ya bandia.

Hakurudi studio. Alikwenda moja kwa moja kwenye jengo la ofisi ambako mumewe alikuwa akifanya kazi wiki ile. Alimkuta ghorofa ya chini, mlango wa lifti umeachwa wazi na kibao cha hatari kimetegeshwa mbele yake, yeye amechutama ndani ya kibanda cha lifti, kifuniko cha vitufe amekibandua na nyaya zinaning'inia. Alipomwona mkewe saa kama ile, mahali kama pale, alisimama akajifuta mikono kwenye ovaroli. Hakuuliza kuna nini. Tulia akajua hapo hapo, kabla hata hajafungua mdomo.

"Ulitumia dawa ya meno," alisema.

Mumewe alitazama kushoto na kulia, kama kwamba mlinzi wa mlangoni angejali. Halafu mabega yake yakashuka.

"Nilitaka kumsaidia."

Akaeleza, maneno yakimtoka vipande vipande. Wiki ile baba yake alipolazwa, alimwagiza abadilishe vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu ndani ya sanduku. Akafungua, akaona madoa. Akafikiria baba yake atakavyofunguliwa macho na kitu cha kwanza anachokwenda kukiona ni hicho. Akaamua azisafishe zote kabla mzee hajarudi. Akaanza na korongo, kwa ajili ya mama. Alisugua kidogo tu, kwa kitambaa laini. Akaisuuza na kuigeuza kwenye mwanga. Doa lilikuwa pale pale, na fedha yote imeharibika. Akaikausha, akairudisha, hakugusa nyingine.

"Na Jumapili ukaniacha nikaulizwa mimi."

"Maneno yalinikauka. Nilisema nitamwambia kesho yake. Kesho yake nikaona amefunga mlango." Akamsogelea. "Tulia, nisikilize. Yule ni korongo wa mama. Mimi hatanisamehe mpaka anakufa. Wewe atakusamehe. Wewe ni mtoto wa watu, atajizuia. Sema tu ulipangusa vumbi, uombe radhi, maonyesho yapite, mimi nitakuja kumweleza taratibu."

Lifti ya pili ilifika, watu wakatoka, wakapita kati yao wakiomba samahani. Tulia alisubiri wapite wote. Alishangaa kwamba hana hasira. Alichohisi ni ubaridi, ule wa mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Alimwambia kwamba madoa hayakuletwa na mtu, yametoka kiwandani, na daktari wa meno ana ushahidi na amekubali kuja Jumamosi asubuhi kumchukua mzee kwa gari, auonyeshe. Hilo lingemsafisha yeye kuhusu madoa. Lakini mikwaruzo ilibaki, na mwenye mikwaruzo anajulikana.

"Sitakusemea," alisema. "Siendi kukushtaki kwa baba yako. Lakini sitakubebea pia. Una leo, una kesho, una keshokutwa. Kinywa ni chako."

Alhamisi ilipita, mumewe hakusema. Ijumaa jioni alimsindikiza baba yake chumbani kumwekea dawa ya macho, akakaa naye humo kitambo kirefu, na Tulia jikoni akashikilia ukingo wa sinki akisikiliza. Mume akatoka, akapita bila kumwangalia, akaenda kukaa nje kibarazani. Hakuwa amesema. Tulia akaosha vikombe vilivyokuwa visafi.

Jumamosi Shangazi alifika mapema, amevaa vizuri kwa ajili ya maonyesho. Lakini mzee alitoka chumbani na shati la nyumbani. Sanduku aliliweka mezani bila kulifungua. Akawaambia wakae, wote. Akasema haendi. Hawezi kupanga meza mbele ya watu kwa sarafu zile. Amekwisha kumpigia simu mwenyekiti wa chama kwamba anaumwa. Kisha akamgeukia Tulia, na kwa mara ya kwanza wiki nzima akamsemesha yeye mwenyewe.

"Mkwe wangu, sikufukuzi. Hata siku moja sitamfukuza mke wa mwanangu. Lakini nimesubiri useme neno moja tu, na hukulisema. Nikikuona naona yale ambayo mikono yako iliyafanya. Naona itakuwa heri ukapumzike kwenu kwa muda, mioyo ipoe."

Shangazi alitazama chini. Kila aliyekuwa pale alielewa maana ya kupumzika kwao. Mwanamke anayerudishwa hivyo haulizwi na majirani. Majirani wanajijibu wenyewe.

Tulia akageuka. Alimtazama mumewe. Hakumtazama kwa kumwomba, wala kwa kumtisha. Alimtazama tu, kama anavyomtazama mteja kupitia lenzi akisubiri uso ukae sawa. Mumewe alikuwa ameshika tama, macho kwenye sanduku. Nje gari likapunguza mwendo, likaegeshwa. Mumewe hakunyanyua kichwa.

Tulia akasimama. Akasema, "Sawa, Baba," akaelekea chumbani kwao. Alishusha begi kutoka juu ya kabati, akaanza kutia nguo, na mikono yake ilikuwa imara kabisa. Alikuwa amefika kwenye khanga zake aliposikia kiti kikikwaruza sakafu sebuleni.

"Baba, asiondoke yeye."

Ilikuwa sauti ya mumewe, imepasuka katikati kama ya kijana anayebalehe.

"Korongo nilimsugua mimi. Wiki uliyolazwa. Nilitumia dawa ya meno. Tulia hakugusa kitu. Amejua tangu Jumatano, na nilimwomba achukue lawama akakataa, na hata hivyo hakunisema kwako. Mimi ndiye, Baba."

Tulia alibaki ameshika khanga. Hakutoka. Kisha mlango wa mbele ukabishwa, na sauti ya daktari wa meno ikaomba hodi kwa uchangamfu wa mtu asiyejua anaingia wapi.

Daktari alipoona nyuso zao alitaka kurudi nyuma, lakini alikuwa amekuja kwa kazi, akapiga moyo konde. Akaweka bahasha yake mezani, akamwonyesha mzee bundi aliyezibwa kwenye nailoni. Akamweleza kuhusu dawa ya kuoshea, tanuri na madoa yanayochomoza baadaye. Mzee aliitazama ile sarafu pande zote kwa lenzi yake mwenyewe. Akakagua kila pembe ya nailoni iliyozibwa, kama alivyokuwa akikagua mawe ya mipaka ya mashamba. Alipomaliza alikaa.

"Umejua kwa muda gani?" alimuuliza daktari.

"Zaidi ya mwaka."

"Na hukuniambia."

"Niliona aibu, Mpima. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Mzee akamgeukia mwanawe, aliyekuwa bado amesimama. Akamuuliza ni dawa gani ya meno. Mwanawe akataja, ile nyeusi. Daktari akasema, bila kukusudia kuchekesha, kwamba hiyo hata kwenye meno yeye huikataza. Shangazi akatoa kicheko kifupi cha woga, akakifunika kwa mkono. Mzee hakucheka. Alimwambia tu mwanawe kwamba mama yake angekuwapo angempiga kofi kwanza, halafu akacheka. Na kwamba yeye hana uwezo wa kufanya hata kimojawapo leo. Akamwambia akae, wataongea baadaye.

Kisha akamwita Tulia.

Tulia alitoka na kusimama mlangoni. Mzee aliinuka kwenye kiti, jambo ambalo si la kawaida kwa baba mkwe mbele ya mke wa mwanawe, na Shangazi akafanya kama wa kumzuia. Mzee akamwondoa mkono.

"Nilikushtaki mbele ya watu," alisema. "Dada yangu alikuwapo, na leo yupo. Nilikukosea. Nilikuuliza ukanijibu kweli, nikakuita mwongo kwa kunyamaza wiki nzima. Nakuomba radhi, mwanangu."

Tulia alisema amesamehe. Alilisema kwa kuwa ndilo linalosemwa, na kwa kuwa kwa mzee lilikuwa kweli. Lakini hakurudisha begi juu ya kabati.

Mzee alivaa suti yake akaenda kwenye maonyesho, daktari akiendesha, Shangazi kiti cha nyuma na sanduku mapajani. Walifika ukumbini kwa kuchelewa. Aliyasimulia mwenyewe baadaye: kwamba alipanga sarafu zote, hakuficha hata moja, na korongo akamweka katikati. Mwanzoni watu walipita wakitazama haraka na kuondoka, kama watu wanaopita karibu na mgonjwa. Kisha mtu mmoja akainama, akamuuliza kwa kunong'ona kama madoa yale yanatoka kwa kitu chochote. Mzee akamjibu kwa sauti ya kawaida kwamba hayatoki, asijaribu, na kwamba yametoka kiwandani. Daktari akaweka bundi wake kando ya bundi wa mzee. Kabla ya saa za mchana meza yake ilizungukwa kuliko zote, na watu waliokuwa wakisifiana kwa miaka wakawa wanatajiana nani ana mangapi, kwenye ndege gani. Muuza duka alikuwa na meza karibu na mlango. Alianza kufungasha mapema, akisema ana safari.

Tulia hakuyaona hayo. Wakati huo alikuwa kituo cha basi, na mumewe amembebea begi. Alikuwa anakwenda kwao, si kwa kurudishwa bali kwa nauli yake na kwa uamuzi wake. Mumewe hakumzuia, lakini njia nzima alikuwa akitafuta neno.

"Mwishowe nilisema," alisema walipofika.

"Ulisema. Nilikuwa nimeshafika kwenye khanga."

Mumewe alitazama begi. Basi lilikuwa limejaa nusu, dereva anasoma gazeti. Tulia alichukua begi mkononi mwake.

"Sijakuacha," alimwambia. "Nataka kulala mahali ambapo hakuna anayeninyamazia. Na nikirudi, tutafute kwetu. Baba yako nampenda, tutakuja kumtazama kila wiki. Ila sitaki tena kukaa mahali ambapo ukimwogopa yeye, mimi ndiye ninayelipa."

Mumewe aliitikia kwa kichwa. Akabaki pale kituoni mpaka basi likaondoka, na Tulia, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa basi, hakujua kama alipunga mkono.

Alikaa kwao wiki mbili. Mume alikuja mara mbili, mara ya pili akiwa na ufunguo wa nyumba ndogo ya kupanga, vyumba viwili na jiko, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Alipomwonyesha ngazi, aliona aibu kidogo kwa kazi yake. Tulia alizipanda zote akiwa mbele, akafungua madirisha, akakagua bomba kama maji yanatoka. Yalitoka, ya kahawia kwanza, kisha safi. Akamwambia amwombe mwenye nyumba apake rangi ukuta wa jikoni kabla hawajaingiza vitu.